Mtoto Tuliyemruka



Kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo mwezi wa Septemba, walimu wengi hushika desturi moja: mwanafunzi husimama mbele ya wenzake, akasema jina lake, jina la baba yake na mahali atokapo. Nasi tuliifuata desturi hiyo miaka mingi pasipo kuitafakari. Leo twataka kuwasimulia jinsi watoto wenyewe walivyotufundisha kuifanya upya, baada ya kutuaibisha.

Mwaka ule darasani mwetu walikuwamo watoto 52. Mmoja alikuwa msichana asiyeona. Wa pili alikuwa mvulana aliyepoozeshwa miguu na ugonjwa wa polio, akitembea kwa magongo. Wa tatu alikuwa mvulana kiziwi, aliyeketi karibu na dirisha. Wazazi kadha walikuja kutunung'unikia: “Mwalimu, hawa watawachelewesha watoto wetu.” Tuliwajibu kwa upole, lakini, tukiri kweli, hata sisi tulikuwa na mashaka moyoni.

Kazi ya kujitambulisha ikaanza. Mvulana wa magongo alipotaka kusimama, tulimwambia abaki ameketi. Zamu ilipomfikia kiziwi, tulimruka, tukamwita aliyekuwa nyuma yake. Tulifanya hivyo kwa huruma, tukidhani twamwepusha na aibu. Kumbe alikuwa amekwisha kusimama. Alitutazama, akawatazama wenzake, kisha akaketi polepole na kulaza kichwa juu ya dawati.

Usiku ule hatukupata usingizi. Maana sisi tunaoandika maneno haya tuna kigugumizi tangu utoto. Tulipoingia seminari ndogo, tukiwa na umri wa miaka 12, mwalimu mmoja alitutaka tutaje jina letu. Herufi ya kwanza ikakataa kutoka, na darasa zima likacheka. Kicheko kile kilipita upesi. Kilichotuumiza zaidi ni jambo lililofuata: tangu siku ile mwalimu yule, kwa wema wake, hakutuita tena kusoma wala kujibu. Mwaka mzima alituruka, hata tukaanza kuamini kwamba hatuna neno la kusema duniani. Na sasa sisi tuliorukwa tulikuwa tumemruka mtoto wa mwenzetu.

Kesho yake tulianza upya. Tulisimama sisi kwanza, tukawaambia watoto kwamba tuna kigugumizi, na kwamba neno likikwama watungoje. Tukawaambia pia kwamba kigugumizi hicho kimetufundisha kungoja, basi mtoto atakayechelewa kujibu hatakaripiwa. Kisha tukaagiza kila mmoja aeleze mambo matatu: jina lake, kazi anayoiweza vema, na msaada anaouhitaji. Aeleze kwa mdomo, kwa mikono, kwa maandishi au kwa picha, apendavyo.

Msichana asiyeona alisema kwamba huwatambua watu kwa sauti na nyayo zao, na kwamba hufanya hesabu kichwani bila daftari. Aliomba jambo moja: tusomeapo ubao, tutamke yote tuliyoyaandika. Mvulana wa magongo alisema kwamba humsaidia mama yake kuuza sokoni, wala hajawahi kukosea chenji. Akaongeza: “Mwalimu, naomba nisizuiwe kusimama.” Tukainamisha kichwa.

Kiziwi alikwenda ubaoni, akaandika jina lake, akachora baisikeli yenye mnyororo, pedeli na kila waya wa gurudumu, akajigusa kifua. Jirani yake akatueleza: huyu hutengeneza baisikeli pamoja na mjomba wake. Halafu mtoto akatuonyesha kwa ishara kosa letu: twasema huku tumewapa wanafunzi mgongo, naye hufahamu kwa kutazama midomo. Wenzake walipopiga makofi, jirani yule akawakataza: kiziwi hupungiwa mikono miwili juu, aone. Mikono yote ikainuliwa.

Tulimkumbuka Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809. Alikuwa na miaka mitatu alipojichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, fundi wa ngozi. Akapofuka macho yote mawili. Kwa nukta sita tu alitunga maandishi yasomwayo kwa vidole, akayatoa kitabuni mwaka 1829, akawa mwalimu wa vipofu wenzake. Je, angalirukwa darasani, hasara ingalikuwa ya nani?

Tena si huruma tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, katika kifungu cha 24, wasema kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma pamoja na wengine. Kongo yetu iliukubali mwaka 2015, na mwaka 2022 ilitoa sheria yake yenyewe ya kulinda haki za walemavu.

Hatusemi kwamba shida zimekwisha. Madawati hayakutosha, wala hatukuwa na kitabu hata kimoja cha nukta. Lakini tangu siku ile twaandika ubaoni kwanza, ndipo tukageuka na kusema. Na watoto wote, hata wenye masikio mazima, wakaanza kufahamu somo vizuri zaidi.

Enyi wazazi, msiwafiche watoto wenu nyumbani kwa kuona haya. Nanyi wanafunzi, mwenzenu anapojitambulisha, mngojeni amalize. Wazee walisema: kabla hujafa hujaumbika. Mtoto akikosea atasahihishwa, akichekwa atanyamazishiwa wacheshi. Lakini akirukwa, nani atajua alitaka kusema nini?