Flashi Ikifika Kilosa, Leseni Inaamka

Bado niko fildi, bumu limekata lakini uzima upo. Leo nataka tuongelee neno moja linalotupumbaza sana sisi wanafunzi: "bure".

Mimi na mshikaji wangu wa hisabati tumepangiwa shule mbili tofauti, wilaya hii hii ya Kilosa. Mimi niko Mikumi, yeye yuko Kilosa mjini. Tunatengeneza kanzidata ya matokeo ya wanafunzi kwa kutumia PostgreSQL, ambayo ni programu huria. Kompyuta tulizonazo diski zake ni ndogo ile mbaya, kwa hiyo mshikaji akataka tuchomeke humo ndani programu ya kubana data inayoitwa LZO. Hoja yake fupi: "Mwanangu, ina kasi na ni bure, sasa tatizo liko wapi?"

Tatizo liko kwenye leseni. PostgreSQL ina leseni laini: itumie, ibadilishe, igawe, hata iuze bila kuonyesha msimbo wako, mradi notisi ya hakimiliki ibaki. LZO iko chini ya GPL. Nayo ni bure, ila ukimgawia mtu programu iliyounganishwa nayo, unatakiwa umpatie na msimbo wa kitu kizima, kwa masharti yaleyale. Yaani sharti gumu ndo linabeba mzigo wote.

Sasa sikilizeni hapa. Nikiitumia Mikumi tu, GPL hainidai kitu. Siku nikiitia kwenye flashi, nikapanda gari la Kilosa na kumkabidhi mwalimu wa taaluma wa huko, hapo nimegawa. Naye akimrushia mwenzie wa shule ya jirani, amegawa. Mwalimu wa watu kashaingia kwenye masharti ambayo hajawahi hata kuyasikia!

Wakubwa walishakutana na hili. Kanzidata ya HBase iko chini ya leseni ya Apache, na kwa sababu ya GPL haikuweza kufungashwa pamoja na LZO. Anayeitaka anajifungia mwenyewe. PostgreSQL nayo ilibana data zake kubwa kwa pglz ya kwake tangu 2001. LZ4, yenye leseni ya BSD, iliruhusiwa kwenye kazi hiyo katika toleo la 14, mwaka 2021.

Tena hata BSD usiikubali kwa jina tu. Facebook ilipotoa Zstandard mwaka 2016, iliambatanisha BSD na karatasi ya masharti ya hataza. Julai 2017 Apache wakakataza leseni ya namna hiyo kwenye miradi yao, na Agosti Facebook ikayaondoa masharti yale kwenye Zstandard. Toleo la 15 la PostgreSQL, mwaka 2022, likaanza kuitumia kubana nakala rudufu.

Mambo haya hayako mbali na sisi. DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za afya hapa Tanzania, umekaa juu ya PostgreSQL hiyo hiyo.

Mshikaji akanibishia, "Nani atatoka Ulaya kuja kutushtaki Kilosa?" Pengine hakuna. Lakini sisi ni walimu jamani! Asubuhi tunamchapia kelele mtoto wa kidato cha pili kwa kunakili kazi ya mwenzie, jioni tunachukua kazi ya mtu na kulitupa sharti lake. Aliyeandika LZO hana kosa, kazi ni yake na sharti ni lake. Ukiliweza, itumie kwa raha zako. Usiloliweza, usimbebeshe mwenzio kimyakimya.

Tumebishana wiki nzima, tumeangukia LZ4. Notisi yake tumeiweka kwenye flashi, faili la kwanza kabisa.

Naomba kuwasilisha. Mlioko campus, nisalimieni kantini!