Tangi Mlimani, Pampu Bondeni

Nawaeleza wasomaji jambo lililonifundisha adabu, mimi niliyezoea kuwafundisha wengine.

Hapa kwetu Kibingo, kama mjuavyo ninyi mkaao katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, maji hukaa bondeni na watu hukaa juu. Mwaka 2015 shule niliyokuwa nikifundisha ilipata pampu ya injini ya dizeli, ikawekwa penye chemchemi, na tangi la lita 20,000 likajengwa mlimani, meta 60 juu yake. Nami nikapewa usimamizi. Pampu ilipandisha lita 5,000 kwa saa; basi nikafanya hesabu ya mtoto wa darasa la nne, nikamwambia mtunza injini, "Washa saa moja, zima saa tano."

Hesabu ilikuwa sahihi kwa tangi tupu. Lakini tangi lililo na nusu asubuhi hufurika tangu saa tatu, na mtu aliye bondeni haoni, wala hasikii kwa ngurumo ya injini. Ndivyo ilivyokuwa siku nyingi, dizeli ikiteketea bure. Hata siku moja ya Agosti, katikati ya kiangazi, alinijia mama mmoja mjane ambaye shamba lake li chini ya tangi. Alikuwa ametoka kuchota bondeni, na ndoo i kichwani. Hakuitua. Akasema, "Mwalimu, maji yenu yamechukua matandazo ya migomba yangu pamoja na udongo. Nami haya nayapandisha kwa shingo yangu." Sikuwa na jibu.

Nikamwita fundi kijana, nikamwagiza atie koki ya boya: maji yakijaa, boya huinua mkono wa koki, na kinywa cha bomba hufungwa. Nikajiona mwerevu. Kumbe kufunga mlango juu si kumpa habari asukumaye chini! Maji yasimamayo katika bomba lipandalo meta 60 hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kilo 6 hivi. Na injini, isiyojua kwamba mlango umefungwa, iliongeza nguvu zake juu ya uzito huo. Pampu yetu ilikuwa ya pistoni, nayo haina subira. Siku ya nne kiungo cha bomba kilipasuka karibu na injini, na maji yote yaliyokuwa bombani yakateremka kwa kishindo, kwa kuwa sikuagiza itiwe vali ya kuyazuia yasirudi. Mtunza injini aliponea chupuchupu. Kosa lilikuwa langu, na liliniuma kuliko gharama.

Ndipo akaja fundi mwingine, mzee wa makamo, akaning'oa katika werevu wangu kwa kamba tu. Boya lilielea ndani ya tangi. Kamba yake ikapita juu ya gurudumu dogo ukingoni, ikashuka nje, na mwisho wake likafungwa jiwe lililopakwa chokaa. Maji yakipanda, jiwe hushuka. Yakipungua, jiwe hupanda. Mtunza injini akalitazama kutoka bondeni, akazima kwa wakati wake. Ila asubuhi za ukungu, nasi tunazo nyingi, jiwe halikuonekana, ikabidi kijana asimame katikati ya mteremko apige filimbi.

Mwaka 2021 injini iliondolewa, ikaja pampu ya umeme wa jua. Sasa boya lina swichi ndani yake, na waya wateremka hadi pampuni. Mzee yule aliipa alama mbili: kuzima tangi lijaapo, na kuwasha robo ya maji iishapo. Nilimwuliza kwa nini isitoshe alama moja. Akajibu, "Mwalimu, kila mtoto anywapo kikombe, pampu itaamka na kulala tena. Itaishi muda gani?" Boya la pili liko katika birika la chemchemi, lizime pampu maji yakikauka huko, maana pampu izungukayo bila maji huungua.

Bomba la kutolea ziada tumeliacha, kwa kuwa hata swichi huharibika. Tumelielekeza kwenye mtaro ulio kando ya migomba ya mama yule. Halijatoa tone tangu mwezi wa Juni, naye kila tukutanapo baada ya ibada huniuliza kama limeziba.