Mtoto mchanga hana makala ya kupoteza

Wamama wapenzi, wiki hii tunawaletea jambo ambalo sisi walimu tunalifundisha kwa chaki na ubao, lakini kazi yake inaonekana mikononi mwenu: nguvu za seli.

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli zinageuza sukari na mafuta kuwa nguvu. Kazi hiyo inaitwa umetaboli. Seli za ulinzi, zile zinazopigana na vijidudu, zikianza vita zinaunguza sukari nyingi kwa haraka.

Akiwa tumboni, mtoto anapata sukari ya mama yake kupitia kondo, usiku na mchana. Kitovu kikikatwa, mlango huo unafungwa. Anabaki na akiba ndogo ndani ya ini, na mafuta kidogo ya kumpa joto. Lakini kazi zote zinamngojea kwa mara moja: kupumua, kujipasha joto, kukuza ubongo, kujilinda. Ni kama nyumba yenye makala kidogo: maharagi yakiwa jikoni, maji ya kuoga yanangoja. Wataalamu waliopima damu ya watoto wachanga wameona kwamba seli zao za ulinzi, zaidi za wale waliozaliwa mbele ya wakati, haziunguzi sukari kwa ukali kama za mtu mzima.

Ndiyo sababu moja ugonjwa wa mtoto mchanga unaweza kuja kimya. Mtu mkubwa akiambukizwa, homa inapanda. Mtoto mchanga anaweza kukosa homa kabisa: mwili unapoa, ananyonya kidogo, analala kupita kiasi. Na sisi nyumbani tunasema: «Hana homa, tungoje kesho.» Kwa mtoto wa siku tano, kesho ni mbali.

Basi tumsaidie kutunza makala yake. Tumpe titi ndani ya saa 1 ya kwanza. Yale maziwa mazito ya manjano si machafu, tusiyakamue na kumwaga: yana sukari, mafuta, na kinga ya mama. Mpaka miezi 6 anyonye tu, bila maji wala uji. Tungoje saa 24 mbele ya kumwogesha. Huku kwetu milimani Kivu, ambako asubuhi kuna baridi, tumweke kifuani ngozi kwa ngozi, zaidi aliyezaliwa mdogo. Waganga wa Bogotá, nchini Kolombia, walianza njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, walipokosa mashine za kutosha za kupasha watoto joto. Na chanjo za kuzaliwa, ya kifua kikuu na ya polio, tusiziache.

Mtoto akikataa titi, akiwa baridi hata amefunikwa, akiwa wa moto, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akilegea, akishikwa na degedege, au kitovu kikitoa usaha, twende kituo cha afya saa ile ile, hata usiku. Njiani akae kifuani, na kama anaweza, anyonye.

Katika mkutano ujao tuulizane: ni jirani gani amejifungua wiki hii? Mmoja wetu aende, anawe mikono, aguse miguu ya mtoto, aulize ananyonya namna gani.