Safari ya Kasongo: Tulivyoleta Mashini ya Watoto Wamaza



Juma lililopita wengi mlituuliza barazani kile kisanduku cheusi kilichofika kimefungwa katika kitenge kimetoka wapi, kimenunuliwa kwa pesa gani, na kwa nini chama cha wamama kinunue mashini ya michezo wakati mabati ya nyumba yetu ya mikutano bado yanavuja. Maulizo haya ni ya haki. Tunayajibu hapa yote, tangu mwanzo wa safari hadi hesabu ya mwisho.

Mwanzo wake ni mtoto. Wakati wa mvua iliyopita kijana wa mmoja wetu, mwenye miaka 14, alitoka nyumbani asubuhi na daftari zake na hakurudi. Siku ya nne tulisikia ameonekana upande wa Salamabila, kwenye mashimo ya dhahabu. Baba yake mdogo alikwenda kumrudisha. Tulipomketisha na kumuuliza alifuata nini kule, tulidhani atasema pesa. Alisema: «Jioni kuna televisheni na mchezo wa mpira. Hapa jioni kuna nini?»

Hatukuwa na jibu. Hapa kwetu mchezo wa namna hiyo ulikuwa chumba kimoja cha sokoni, chenye pazia mlangoni, wakubwa wakivuta sigara ndani. Watoto wetu wa kiume waliiba yai na karanga nyumbani ili wapate nusu saa. Binti hakuna hata mmoja aliyethubutu kuingia. Ndipo mama mmoja akasema: kama mchezo ndio unaowavuta, basi mchezo uwe kwetu, tunapowaona.

Hatukukubaliana mara moja. Mwenzetu mmoja alisimama akasema mtoto mwenye njaa hachezi, na ana haki ya kusema hivyo. Tukafunga mapatano: pesa ya masomo na pesa ya ugonjwa hazitaguswa. Tutatumia akiba ya likelemba ya mwaka huu peke yake, isipite dola 300, na mashini irudishe pesa hiyo polepole.

Kosa letu la kwanza tulilifanya tukiwa tumekaa hapa hapa. Tulimpa msafiri mmoja dola 150 atununulie katika duka la mji mkubwa. Alituletea kompyuta ya mezani iliyotumika, jembamba na ya kupendeza, pamoja na kadi ya grafiki. Kadi hiyo ndiyo inayochora picha za mchezo. Bila yake kompyuta ya ofisi huandika barua vizuri lakini mchezo unakwenda kwa kukwama. Tulipofungua kifuniko tuliona kadi ni ndefu kupita sanduku. Haikuingia. Vitu vyote viwili vilikuwa vizima, na vyote viwili havikutusaidia. Rahisi ni ghali, walisema wazee. Tukaamua: hatutumi tena mtu, tunakwenda wenyewe.

Tuliondoka Wamaza mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, kabla jua halijatoka. Tulikuwa wamama wawili na piki-piki mbili. Nyuma ya kila motari mama mmoja, na nyuma ya mama gunia la mpunga la kuuza Kasongo. Lile sanduku jembamba tulilibeba kifuani kama mtoto.

Anayeijua njia ile anajua kwamba kiangazi chake ni vumbi na mvua yake ni matope. Hakuna wakati wa kuisifu. Tulipita madaraja ya miti ambayo motari anakuambia ushuke, uvuke kwa miguu, na yeye avuke peke yake akiomba Mungu. Tulipita tanuru za matofali, michikichi, na vijiji ambavyo wamama walikuwa tayari wameanika mihogo kando ya barabara. Kwenye kizuizi kimoja tuliulizwa tumebeba nini. Tulisema mashini ya watoto. Walicheka, lakini walidai chao vilevile.

Njia hii ni ya zamani kuliko piki-piki na kuliko mipaka ya nchi. Misafara kutoka Zanzibar na Ujiji ilipita Kabambare ikielekea Kasongo na Nyangwe. Mzungu Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, yeye akaandika Bambarre, na vidonda vya miguu vikamshika huko muda mrefu. Stanley alifuata mwaka 1876. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, na kwa njia hizi zilitoka pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, wakiwemo mabibi wa mabibi zetu. Katika njia hizo hizo kiliingia Kiswahili hiki tunachowaandikia, na mpunga ule uliokuwa migongoni mwetu. Tulipopumzika chini ya mwembe mkubwa karibu na Kasongo tulizungumza habari hiyo. Njia iliyochukua watoto wa watu, sisi tulikuwa tunaipita ili tusipoteze wetu.

Kasongo tulipokewa na shangazi wa mmoja wetu. Alitupa maji ya kuoga, ugali na sombe yenye mawese, akatuuliza kama tumepata wazimu kuja na sanduku la chuma badala ya kuku. Usiku tulisikia adhana, na alfajiri kengele ya kanisa; katika mji ule vyote viwili vinaamsha watu. Asubuhi tuliuza mpunga, kisha tukaenda kumtafuta fundi.

Fundi tuliyeelekezwa ni kijana mwembamba. Kibanda chake kimejaa redio, simu na kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Tulimwogopa kidogo, maana tulijua akisema neno lolote tutaamini. Kwa hiyo tulimwomba kila kitu akitaje, akionyeshe kwa kidole, na aseme kazi yake kabla ya kutaja bei. Alikubali. Tuliketi kwenye mabenchi na daftari yetu, akaanza.

Kwanza sanduku. Alituambia kompyuta kama Dell OptiPlex 7010, iliyotoka mwaka 2012, ilitengenezwa kwa umbo zaidi ya moja: jembamba na pana. Ndani zinafanana sana, lakini jembamba hupokea kadi fupi tu. Pana hupokea kadi ya kimo cha kawaida. Alichukua jembamba letu, akatupa pana yenye ubongo wa aina ile ile, Core i5 wa viini vinne, tukaongeza dola 30.

Pili kadi. Yetu ilikuwa GeForce GTX 750 Ti, ya mwaka 2014. Fundi aliigeuza, akaangalia kichwa chake, akafurahi. Kadi hii inakula wati 60 hivi, na tundu inapochomekwa linaweza kutoa hadi wati 75. Kwa hiyo haidai waya wa ziada wa umeme, ambao kompyuta nyingi za ofisi hazina. Alituonya kwamba wengine walitengeneza kadi za jina hilo hilo zenye kudai waya huo. Lazima uangalie kwa macho, usisome jina tu. Ilipoingia na kifuniko kikafunga, tulipiga vigelegele, na watu wa kibanda cha pili wakaja kuona kuna harusi gani.

Tatu kumbukumbu ya muda, RAM. Ilikuwa gigabaiti 4, akaongeza 4 nyingine ziwe 8. Nne diski. Alituambia tusichukue diski ya zamani inayozunguka ndani, kwa sababu haipendi kutikiswa na barabara yetu. Alitutilia SSD ya gigabaiti 240, ambayo haina kitu kinachozunguka, na inawaka haraka zaidi. Tano kioo cha inchi 19, kibao cha kuandikia, kipanya, na vishikio viwili vya kuchezea.

Alipokuwa akipuliza vumbi tulimwuliza lile bao kubwa la kijani ambalo kila kitu kimechomekwa juu yake linaitwaje. Akasema, «Kwa Kifaransa ni carte mère. Ni kadi-mama.» Tulicheka hadi shangazi akajiunga. Kila kitu kinamtegemea mama, na mama mwenyewe hakuna anayemwona hadi kifuniko kifunguliwe.

Kuhusu programu, fundi alitupa Linux Mint, ambayo hailipiwi, pamoja na michezo ambayo pia ni ya bure kwa halali. SuperTuxKart ni mbio za magari, na watoto wawili wanaweza kushindana kwenye kioo kimoja. 0 A.D. ni wa kujenga miji ya kale, na ndani yake wamo Wakushi, watu wa zamani wa Mto Nile huko Sudan. GCompris ni ya wadogo: herufi, hesabu, saa, kwa Kifaransa cha masomoni. Akaongeza Kiwix, ambayo inakuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Kwa sisi tusio na mtandao wa kuaminika, hiyo peke yake ilitosha kutuliza moyo wa yule mwenzetu aliyepinga.

Hesabu ni hii, isomwe mbele ya wote. Sanduku la kwanza na kadi: dola 150. Nyongeza ya kubadili sanduku: 30. RAM: 10. SSD: 28. Kioo: 35. Kibao na kipanya: 8. Vishikio viwili: 14. Jumla ya mashini ni dola 275. Piki-piki na njia: 45. Yote pamoja ni dola 320. Tulipita mpaka wetu kwa dola 20, na hizo zilitoka katika mpunga wa hao wawili waliosafiri. Hawadai kurudishiwa, lakini tumeziandika.

Njia ya kurudi tulifunga sanduku katika kipande cha godoro, kisha kitenge. Kadi ya grafiki fundi aliichomoa akaifunga peke yake, kwa maana ni nzito na inaning'inia. Mtikisiko ungeweza kuvunja tundu lake. Alitufundisha kuirudisha wenyewe. Tulirudia mara tatu mbele yake mpaka aliporidhika.

Shida kubwa ilitungoja nyumbani, nayo ni umeme. Waya wa umeme haujatufikia. Tunaishi kwa jua. Chama kina sola mbili za wati 150, batri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, na konvertisa ya wati 500, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa batri uwe kama ule wa mjini. Tulipiga hesabu. Volti 12 mara 100 ni wati-saa 1,200. Batri ya namna yetu usiimalize. Ukizoea kupita nusu, inakufa mapema. Zimebaki 600. Mashini yetu pamoja na kioo, mchezo ukiendelea, inakula kama wati 120. Kwa kugawa ni saa tano, lakini konvertisa nayo inakula yake, basi tuhesabu saa nne. Kwa hiyo michezo ni kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili, jua likiwa bado linasaidia. Usiku hapana. Kama tungenunua kadi kubwa inayosifiwa na vijana, yenye kula wati 150 peke yake, tungecheza saa mbili na kidogo tu. Wamama wanaotaka kufanya hivi, anzeni kuhesabu batri ndipo mwende dukani.

Sasa tuseme ukweli wa siku hizi. Juma la kwanza watoto wa kiume walikaa viti vyote na binti walisimama nyuma wakitazama. Tulibadili: Jumanne na Alhamisi ni za binti peke yao. Juma la pili kulikuwa na binti wawili. Sasa lazima tuandike majina. Nusu saa ni franka 300, na asiye nayo anaweza kufagia uwanja au kuchota maji ya chama. Wa masomo asubuhi hapokelewi kabla ya kutoka masomoni. Asubuhi ile mashini inaandika barua zetu na hesabu za likelemba. Hadi leo imerudisha dola 61. Mabati bado yanavuja. Mashini inakaa kwenye kona isiyovuja.

Na yule kijana? Ndiye anayefungua kifuniko kila Jumamosi na kupuliza vumbi, maana vumbi letu linaziba feni na mashini inachemka. Ameikariri kila kadi kwa jina. Lakini hatutawadanganya: rafiki zake wawili bado wako kwenye mashimo, na mama yake alipomwuliza kama atarudi kule, alinyamaza. Jana alituomba bisibisi ndogo, kwa sababu ile ya zamani imeharibika. Tumempa pesa ya bisibisi, franka za chama, na zimeandikwa.

Anayetaka kuona aje mchana, saa nane. Mwenye mtoto aje naye. Na mwenzetu aliyepinga anawakaribisha pia: siku hizi ndiye anayeshika ufunguo.