GEMU ZA MABILIONI

Ukiketi kwenye kibanda cha gemu Jumamosi na kulipia dakika zako, sidhani huwa unajiuliza mchezo huo ulitengenezwa na nani na kwa pesa ngapi. Mimi nimejiuliza, kwa sababu ndiyo kazi ninayoitamani, na niliyoyasoma yamenitia wasiwasi si haba.

Mnamo Juni 2023, katika kesi iliyosikizwa San Francisco, kampuni ya Sony iliwasilisha hati zenye siri zake. Siri zenyewe zilikuwa zimefutwa kwa kalamu ya wino mweusi, lakini wino haukufunika vizuri! Watu wakasoma. Mchezo wa The Last of Us Part II, uliotoka mwaka wa 2020, uligharimu dola milioni 220. Hizo ni kama shilingi bilioni 28 za Kenya. Mchezo mmoja, jamani.

Pesa hizo aghalabu huishia kwenye mishahara. Watu wapatao 200 waliufanyia mchezo huo kazi kwa zaidi ya miaka mitano. Yupo wa kuchora nywele, yupo wa majani, yupo wa kuhakikisha kivuli kinamfuata mtu kama kivuli cha kweli. Kila mashine mpya ikitoka, sisi wachezaji twataka picha safi zaidi, na usafi huo una watu wake wa kulipwa.

Basi gemu zimekuwa kama mimba ya ndovu. Kampuni ya Rockstar ilitoa Grand Theft Auto III mwaka wa 2001, Vice City 2002 na San Andreas 2004 (hii hata mamangu anaijua, kwa ubaya!). Ya tano ilitoka 2013. Ya sita ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, Desemba 2023, kwa video fupi tu, mtoto aliyezaliwa pamoja na ya tano alikuwa na miaka 10. Kisha ikaahirishwa kutoka 2025 hadi 2026.

Hapo ndipo penye hatari. Aliyetia mabilioni kwenye chungu kimoja hathubutu kujaribu viungo vipya, ndiyo maana twaletewa sehemu ya pili, ya tatu, ya sita. Na mambo yakienda mrama, huenda mrama kabisa. Concord ya Sony ilianza kuuzwa tarehe 23 Agosti 2024, ikazimwa tarehe 6 Septemba. Wiki mbili! Wanunuzi walirudishiwa pesa zao, lakini waliouunda hawakurudishiwa miaka yao. Oktoba studio yao ikafungwa. Januari mwaka huohuo Microsoft ilikuwa imewaachisha kazi watu 1,900 wa idara ya michezo, miezi mitatu tu baada ya kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69.

Kakangu ananiambia, "Wachana na hiyo maneno, soma uhasibu." Simbishii sana, maana hesabu anazijua. Lakini mwaka wa 2025 kampuni changa ya Sandfall, mjini Montpellier, Ufaransa, ilitoa Clair Obscur: Expedition 33. Walikuwa watu 30 hivi, wakisaidiwa na mafundi wa kandarasi. Waliuza kwa dola 50 ilhali wakubwa huuza kwa 70, na Desemba wakatuzwa mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards.

Watu 30 hawafiki hata darasa letu. Humu shuleni tuna kompyuta 11, mbili mbovu, na wachoraji hodari tunao tele. Nimekwisha kumwomba mwalimu wa kompyuta atuachie chumba kila Jumatano jioni. Bado hajanijibu.