Somo la 14: Kidonda kimefunga, mbona mkono haunyooki?

Baridi hii ya Ngaramtoni imeshahamishia majiko ya mkaa ndani, na sufuria za uji ziko sakafuni, usawa wa mikono ya watoto. Huduma ya kwanza mnaijua: maji safi ya baridi (siyo barafu) yatiririke dakika 20, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Dawa ya meno hapana! Leo tuongelee wiki zinazofuata, maana swali ninaloulizwa sana ni hili: "Sista, kidonda kimefunga, mbona mkono wa mtoto haunyooki?"

Kwenye kidonda kuna seli ambazo kazi yake ni kuvuta kingo zikutane. Giulio Gabbiani na wenzake kule Geneva walizieleza mwaka 1971: ndani zina nyuzi zinazojikaza kama msuli. Na seli hizi hupapasa pale zilipojishikiza. Fikiria tairi. Kwenye tope la masika linazunguka tu, kwenye lami linashika na kuvuta. Seli nayo ikiwa juu ya kitu laini haikazi sana. Ikiwa juu ya kitu kigumu, inaongeza nyuzi na kuvuta kwa nguvu.

Si hadithi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliweka seli changa za aina moja juu ya jeli tofauti. Kwenye jeli laini kama ubongo zilielekea kufanana na seli za neva, kwenye ugumu wa kati zikafanana na za msuli, kwenye ngumu zaidi zikaelekea mfupa.

Umeona hatari iko wapi? Kovu likikaza linakuwa gumu. Ugumu unaziambia seli zivute zaidi, zikivuta kovu linazidi ugumu. Hilo huendelea miezi mingi baada ya ngozi kufunga. Mtoto anakua, kovu halikui naye, na vidole vinakunjikia kiganjani.

Kwa hiyo mama, usimwache alale alivyojikunja kwa sababu "ndivyo hasikii maumivu". Mkao unaompa nafuu ndio unaomkunja. Kiganja kikae wazi, kiwiko kimenyooka, kwapa limeachana na mwili, kwa jinsi mlivyoelekezwa hospitali. Wakikupa kifaa cha kunyoosha, kivaliwe hata usiku. Ngozi ikishafunga kabisa, sugua kovu taratibu kwa mafuta ya kawaida kila siku, kisha mnyooshe. Atalia kidogo. Endelea kwa upole.

Kama mkono umeshakunjika, usikate tamaa na usimfiche mtoto. Upasuaji wa kuachanisha upo, na hapa Arusha kuna Plaster House, nyumba wanapokaa watoto wanaojiandaa kwa upasuaji na wanaopona, wakiwemo wenye makovu ya moto. Mpeleke mapema, akiwa bado anajifunza kushika penseli.

Mtumie jirani mwenye mtoto anayetambaa.

Wenu, Nesi.