Tundu Katika Injini ya Marehemu

Ipo heshima ya vitu vya marehemu ambayo mwishowe huviua vitu vyenyewe. Mkahawa hauguswi kwa kuwa aliupanda babu, hata ukazeeka pasipo kupogolewa. Saa ya ukutani haifunguliwi, basi husimama. Sisi tuliachiwa Volkswagen ya mwaka 1968, ile yenye mgongo kama wa kobe, na kwa muda mrefu mimi na mdogo wangu tulibishana juu ya tundu lisilozidi upana wa kidole.

Msomaji asiyeyajua magari haya yafaa aelezwe. Injini yake iko nyuma na haina maji. Hupozwa kwa upepo wa feni, na oili nayo husaidia kubeba joto. Oili hiyo ni lita mbili na nusu tu, nayo haina chujio la karatasi kama la magari ya leo. Kilichopo ni wavu wa waya chini ya injini, ambao huzuia takataka kubwa. Vumbi laini hupita humo kama maji katika tenga. Si kwamba chujio lilikuwa bado halijajulikana. Wamarekani Ernest Sweetland na George Greenhalgh walibuni lao mwaka 1923. Lakini waliolichora gari hili miaka ya 1930 walitaka kitu rahisi na cha bei nafuu, wakamwachia mwenye gari wajibu wa kumwaga oili mapema.

Marehemu baba aliushika wajibu huo. Alikuwa mkaguzi wa shule Singida katika miaka ya 1970, na daftari lake la gari tunalo hadi leo. Kitabu kilisema oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, yeye, wakati wa kiangazi, aliandika 2,500, na pembeni: "Wavu umeoshwa." Vumbi ni mchanga uliosagika, nao ukiingia katika oili huzila beringi za kranki kama msasa.

Injini ilipofunguliwa, tulizikuta beringi zimechorwa mistari. Fundi wetu, mzee wa makamo aliyezeekea katika magari haya, akasema, "Wanangu, nikiifunga hivi hivi, tutaonana tena hapa. Tuiwekee chujio."

Mdogo wangu hakutaka kusikia. "Kaka, hili gari ni la baba. Mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walishinda Safari Rally kwa Volkswagen. Leo sisi ndio tuitoboe?"

"Mashindano ni siku chache, mwanangu," fundi akajibu. "Ninyi mnataka miaka."

Ubishi wa mdogo wangu haukuwa wa kitoto. Iko njia ya kufunga kifuniko cha pampu chenye chujio lake, pasipo kutoboa kitu, lakini nafasi ya pale ni finyu na bomba la moshi liko karibu. Njia aliyoitaka fundi ni kuziba mlango wa zamani wa pampu, kuitoa oili yote nje kwa mpira hadi kwenye chujio, kisha kuirudisha kwa tundu jipya katika mfereji mkuu wa injini. Bloku ni ya madini mepesi ya magnesi. Ukishaitoboa na kukata uzi, umeshatoboa. Chenga moja ikisahaulika ndani huharibu kazi yote. Na mpira hafifu ukipasuka njiani, oili yote humwagika kabla dereva hajaiona taa.

Mimi nilisimama upande wa fundi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kiwanda chenyewe, kilipokuwa kikiunda magari haya Mexico katika miaka ya 1990, kiliitia injini chujio; uundaji ulikoma huko mwaka 2003. Ya pili ni lile daftari. Aliyeandika 2,500 mahali pa 5,000 hakuwa mtu wa kuabudu kitabu.

Nilimsomea mdogo wangu kurasa zile, mwezi baada ya mwezi. Alinyamaza, kisha akasema kazi ifanyike, ila wavu wa zamani ubaki mahali pake. Fundi akacheka: ungebaki vyovyote.

Bloku ilitobolewa ikiwa tupu, ikaoshwa mara tatu, mifereji ikapulizwa kwa upepo. Mipira ilinunuliwa ile ya kuhimili presha na joto, kwa bei iliyotuuma. Oili bado tunaibadilisha mapema, maana chujio halitoi maji wala petroli iliyochuruzikia ndani.

Baada ya kilomita 500 fundi alilikata chujio la kwanza kwa msumeno, akakunjua karatasi yake juani. Kulikuwa na vitu viking'aa, vidogo kama unga. Mdogo wangu aliichukua karatasi ile, akaigeuza upande huu na huu, kisha akaomba kalamu. Katika daftari la baba, chini ya mwandiko wa baba, akaandika tarehe, kilomita, na neno "Chujio".